Uzi: "Ni gliserini tu" si jibu. Tuongelee maji ya vepu na moshi wa fegi

DirishaLaDawa (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam kwenu.

Kwenye ule uzi wa bei za vepu (sigara za kielektroniki) Kariakoo watu wameacha biashara wameanza kutukanana, nikaona mada ipewe nyumba yake. Kundi la kwanza linasema maji ya vepu ni gliserini na ladha basi, kitu kilekile kilichomo kwenye keki na dawa ya kikohozi, kwa hiyo hayana neno. Kundi la pili linaapa vepu inaua haraka kuliko sigara kwa sababu "inajaza maji kwenye mapafu". Wote wamekosea, ila hawajakosea sawa.

Kwa ufupi tu: nauza dawa Sinza, sivuti chochote, na vepu siuzi. Gliserini na mwenzake nitakayemtaja ni vitu vya kazini kwangu, ndiyo maana nimeona nina la kusema.

Ukitoa nikotini na ladha, kinachobaki kwenye kichupa ni vimiminika viwili: propilini glikoli, ile wanayoiandika PG, na gliserini ya mimea, VG. Hivyo ndivyo vinavyojaza karibu kichupa chote. PG ni nyepesi, inabeba ladha vizuri, na ndiyo inayokwaruza koo mpaka mtu ahisi kavuta sigara. VG ni nzito na tamu, na lile wingu la kujionyesha baa linatokana nayo. Mkiona 50/50 au 70/30 kwenye lebo, huo ni uwiano wa hivyo viwili.

Na sifa zao ni za kweli, si maneno ya wauzaji. Gliserini dada zetu wanaipaka, imo kwenye dawa ya meno, na kwenye vyakula vya pakiti huandikwa E422. PG ni E1520, na kwenye dawa inatumika kuyeyushia vitu vinavyokataa kuyeyuka kwenye maji. Sindano ya diazepamu ni mfano mmoja. Moshi wa jukwaani kwenye tamasha mara nyingi ni hiyohiyo. Miaka ya 1940 kule Chicago, Robertson na wenzake walitaka kujua kama mvuke wa glikoli hewani unaweza kuua vijidudu vya magonjwa. Wakawafungia tumbili na panya kwenye mvuke huo kwa mwaka na zaidi, na hawakuona mapafu yakiharibika. Watetezi wa vepu wanaupenda sana utafiti huu.

Hapo ndipo wanapoishia kusoma.

La kwanza, kula na kuvuta ni njia mbili tofauti. Chakula kinapita tumboni na kwenye ini, mwili unakichambua. Ukivuta, kitu kinatua moja kwa moja kwenye ngozi nyembamba ya mapafu. Mfano ninaopenda kuutoa ni diasetili, kile kionjo cha siagi. Kukila hakuna shida. Lakini mwaka 2000 huko Missouri, Marekani, ikagundulika wafanyakazi wa kiwanda cha bisi waliokuwa wakivuta mvuke wake kazini wamepata makovu kwenye vijia vidogo vya hewa, ugonjwa usiorudi nyuma. Mwaka 2015 watafiti wa Harvard wakapima ladha 51 za vepu na kukuta diasetili kwenye 39. Kwa hiyo anayesema "ladha ni ya chakula" amesema kweli, na hajajibu swali.

Hata ule moshi wa jukwaani haukuachwa hivihivi. Utafiti wa Kanada uliotoka 2005 ulikuta mafundi wanaofanya kazi karibu na mashine za moshi wa glikoli na wa mafuta ya madini mapafu yao yanafanya kazi chini kidogo kuliko ya wale walio mbali, na vifua vinawabana zaidi. Haukusema wanakufa, ila usiseme hakuna kitu.

La pili ni joto, na hapa ndipo penye kesi yenyewe. PG inachemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, gliserini kwenye 290. Ndani ya vepu kuna pamba inayofyonza maji yake na koili, yaani waya unaoyapasha moto. Vimiminika hivyo vikipashwa taratibu na pamba imelowa, vinageuka mvuke na kurudi kuwa matone. Koili ikizidi moto, au pamba ikikauka, molekuli zenyewe zinavunjika. Gliserini inazaa akrolini. Akrolini mnaijua hata kama hamjui jina: simama karibu na karai la chipsi ambalo mafuta yameungua, kile kinachochoma macho na pua ndicho chenyewe. Zote mbili pia zinazaa formaldehaidi, ambayo kwenye maji ndiyo formalini wanayohifadhia maiti, na asetaldehaidi. Mwaka 2015 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Portland (Portland State), Marekani, walipima mvuke wa kifaa kimoja: kwenye volti 3.3 hawakuona formaldehaidi iliyojificha, yaani iliyoshikamana na PG na gliserini, kwenye volti 5 wakaiona, tena nyingi. Kioevu kilekile, kifaa kilekile.

Sasa tuje kwenye fegi. Ncha ya sigara mtu akivuta inafika karibu nyuzi 900. Pale hakuna mvuke, pale panaungua. Kwenye moshi huo zimehesabiwa kemikali zaidi ya 7,000, na 70 hivi zinajulikana kuleta saratani. Kuna lami inayobaki kwenye mapafu, kuna kaboni monoksaidi inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Formaldehaidi na akrolini nazo zimo, kwa wingi kuliko kwenye vepu inayotumika kawaida. Na kitu ambacho wavuta sigara wengi hawakijui: viwanda vya sigara navyo huweka PG na gliserini kwenye tumbaku ili isikauke. Anayekimbia vepu kwa kuogopa gliserini akarudi kwenye fegi, gliserini yake ataikuta inamsubiri, na safari hii inaungua.

Hukumu yangu: kwa mtu anayevuta sigara, akiacha kabisa na kuhamia vepu, sumu anazoingiza zinapungua sana. Kwa asiyevuta kitu, kuanza vepu ni kujitafutia. Ile namba ya "asilimia 95 salama zaidi" iliyotolewa Uingereza mwaka 2015 mimi siipendi. Mpangilio wake uko sahihi, sigara juu na vepu chini sana, ila asilimia yenyewe ilitoka kwenye makadirio ya jopo la wataalamu waliokaa mezani. Hakuna aliyepima mapafu ya watu miaka 40 akapata 95. Vepu yenyewe tunayoijua leo ilibuniwa na mfamasia Mchina, Hon Lik, mwaka 2003. Haina umri huo.

Karibuni.

ChaliiWaKimara:

Mkuu, fupisha. Tupo ndani ya mwendokasi, tumebanwa mpaka simu naisomea kwapani kwa mtu.

DirishaLaDawa:

Ukishuka utasoma.

FundiKoili:

Mimi ni muuzaji, nasema wazi. Mkuu umeeleza vizuri ila huo utafiti wa volti 5 ungeumalizia. Kile kifaa walikipandisha moto kuliko uwezo wa koili yake. Pamba ikiungua mvutaji anaonja, ni chungu, inachoma koo, anatema papo hapo. Mashine ya maabara haina koo, inaendelea kuvuta tu. Hakuna mteja wangu anayeweza kuvuta hivyo mchana kutwa.

Nina wateja wa Posta na Upanga walikuwa wanakata pakiti kwa siku, leo sigara hawazishiki. Hilo nalo liandikwe.

DirishaLaDawa:

Limeandikwa. Na hoja yako ya koo ina uzito, watafiti wengine waliitoa hiyohiyo na kuonyesha kwamba kwenye matumizi ya kawaida kiwango kinashuka sana. Ila nikuulize wewe fundi: mteja akija koili yake imekuwa nyeusi tii, anakuambia "ladha imebadilika kidogo tu", huyo kaivuta muda gani kabla hajaja kwako? Watu wanazoea. Hasa wale wa vepu za kutupa, maji yanakwisha, hawezi kuona ndani, ananyonya hadi tone la mwisho.

FundiKoili:

Hapo umenishika. Zile za kutupa siwezi kuzitetea.

MamaWawiliTabata:

Samahani wakubwa, naomba kueleweshwa. Nimekuta kwenye begi la shule la mwanangu wa kidato cha tatu kitu kama kalamu nene ya kuangazia maandishi, rangi ya pinki, inanukia tikitimaji. Nilidhani manukato. Dada wa dukani ndiye aliyeniambia. Mtoto anasema ni "mvuke wa matunda hauna kitu". Pembeni imeandikwa 5%. Hiyo asilimia tano ni ya nini?

DirishaLaDawa:

Dada yangu, pole. Hiyo tano ndiyo nikotini. Maana yake ni takribani miligramu 50 kwa kila mililita. Umoja wa Ulaya wameweka ukomo wa miligramu 20, kwa hiyo alichoshika mwanao huko kisingeruhusiwa dukani hata kwa mtu mzima.

Nikotini ya kizamani ukiiweka nyingi hivyo inachoma koo mtu anakohoa anaacha. Siku hizi huchanganywa na asidi ikawa chumvi ya nikotini, inateleza kooni kama hakuna kitu. Ndiyo maana mtoto anakuambia haina kitu, na haongopi kwa anavyohisi. Umri wake ubongo bado unajijenga, unakamatwa na uraibu haraka kuliko wangu na wako. Dalili utaziona: hasira asubuhi, kutotulia darasani, kwenda chooni kila saa. Usimpige. Muulize ananunua wapi na kwa nani, maana shuleni hayuko peke yake.

Halafu kama nyumbani kuna mdogo anayetambaa, kitu hicho kiwekwe mbali kabisa. Mtoto mchanga akimeza maji ya nikotini ni dharura ya hospitali, usisubiri atapike.

MamaWawiliTabata:

Asante kaka. Wa miaka miwili ninaye. Nimeitoa ndani sasa hivi.

Kiberiti_Temeke:

Mnazunguka tu. Marekani 2019 watu walijaa mahospitalini mapafu yameharibika kwa vepu, wengine vijana wa miaka 20. Sigara gani inalaza mtu ndani ya wiki mbili? Mimi nabaki na Sportsman yangu.

DirishaLaDawa:

Mkuu, ile ilikuwa kweli kabisa. Hadi Februari 2020 walihesabu waliolazwa au kufa 2,807, vifo 68. Ila fuatilia hadi mwisho wa habari. Wengi wao walikuwa wanavuta mafuta ya bangi ya mtaani, na wachuuzi walikuwa wanayaongezea asetati ya vitamini E ili yaonekane mazito. Walipopima majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, wakaikuta kwa 48. Vitamini E hiyohiyo ukiimeza kidonge ni sawa, ukiipaka ni sawa. PG na gliserini huchangamana na maji, mwili unazifyonza na kuzitoa. Asetati ya vitamini E ni mafuta, inakaa.

Kwa hiyo mshukiwa mkuu wa vifo hivyo si PG wala VG. Ni kile alichoongeza aliyechanganya.

Na hili ndilo linaloninyima raha mimi kuliko mabishano yote ya volti. Hapa kwetu anachanganya nani? Mwezi uliopita kijana kaja dirishani kwangu, msafi, mpole, anataka gliserini chupa zote zilizo kwenye shelfu. Nikamuuliza mama anaoka keki? Akacheka: yeye na wenzake wanachanganya maji ya vepu wenyewe geto, ya madukani ghali. Nikaigeuza chupa nikamwonyesha pale chini, herufi ndogo nyekundu: kwa matumizi ya nje tu. Akaniambia "si mmea tu huo, kaka". Sikumuuzia. Najua alivuka barabara akapata kwa mwingine.

Tatizo la gliserini na PG za daraja la chini lina jina: dayethilini glikoli. Ni tamu, nzito, haina rangi, kwa macho hutaitofautisha, na ni ya bei rahisi. Inatumika viwandani. Ikiingia mwilini inaua figo. Mwaka 1937 Marekani iliingia kwenye dawa ya maji ya salfa, wakafa zaidi ya 100. Mwaka 2022 Gambia, watoto takriban 70 walikufa kwa figo kufeli, na dawa za kikohozi za watoto zilizopimwa zilikutwa na hiyo dayethilini glikoli na ndugu yake ethilini glikoli. Ile ilikuwa dawa, yenye kiwanda, yenye lebo. Na kwenye vepu imewahi kuonekana: mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipima sampuli chache, katriji moja ikakutwa nayo kwa asilimia moja hivi. Sasa niambie maji yaliyochanganywa geto yamepimwa na nani.

Kuhusu kubaki na fegi yako, hiyo hesabu yako ya wiki mbili ndiyo inayowafurahisha wenye viwanda. Sigara haina haraka. Shirika la Afya Duniani linahesabu mamilioni ya vifo kila mwaka kwa tumbaku, na wapo humo zaidi ya milioni moja ambao hawajawahi kuvuta, walivutiwa na wengine.

ChaliiWaKimara:

Nimeshuka, nimesoma yote. Kumbe hata keki si salama 😅

MstaafuWaReli:

Vijana, nimewafuatilia kimya. Mimi navuta tangu niko kazini stesheni, mabehewa ya Tabora yanashuka na marobota ya tumbaku. Siku hizi nanunua moja moja kwa mangi hapa Buguruni. Kijana wangu wa Mbezi kaniletea hicho kidude anasema nihamie. Nimekuwa navuta kidogo hiki, kidogo kile. Nakohoa bado. Je, nimepunguza?

DirishaLaDawa:

Shikamoo mzee wangu. Nitakujibu bila kuzunguka.

Ukichanganya hivyo, umepunguza kidogo sana. Moyo ndio shahidi: uchambuzi mkubwa uliotoka 2018 ulionyesha anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya moyo anayobeba mwenye 20. Kutoka kumi kwenda tatu si kama kutoka kumi kwenda sifuri. Vepu inasaidia pale inapochukua nafasi ya sigara zote.

Na inasaidia kweli, sitaki kukunyima hilo. Uingereza mwaka 2019 waliwagawa wavutaji karibu 900 makundi mawili, wote wanapewa ushauri kila wiki. Kundi moja vepu, jingine viraka na bigijii za nikotini. Baada ya mwaka walioachana na sigara kwenye kundi la vepu walikuwa asilimia 18, la viraka 9.9. Ila usisahau upande wa pili: kati ya hao waliofaulu na vepu, wanane kati ya kumi walikuwa bado wanavuta hiyo vepu. Wameacha moshi, nikotini hawajaiacha.

Lakini kabla ya yote hayo, kikohozi. Kama kina wiki mbili na kuendelea, nenda kituo cha afya wapime makohozi, kipimo na dawa za kifua kikuu hulipii. Mvutaji kifua kikuu kinampenda zaidi. Mwambie daktari unavuta, usimfiche.

MstaafuWaReli:

Marahaba. Kesho nakwenda hospitali ya Amana.

HakimuWaKijiwe:

Mmesahau sheria. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya 2003, mwaka uleule alioutaja mleta uzi kwamba Mchina ndiyo kwanza anabuni. Ilitungwa kwa ajili ya kitu kinachowashwa kwa kiberiti. Usimamizi wa tumbaku wakapewa TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, mwaka 2021. Waganda wao hawakupepesa macho, sheria yao ya 2015 ilipiga marufuku vepu moja kwa moja.

FundiKoili:

Na Uganda zipo tele, nenda Kampala ukaone. Marufuku inachofanya ni kuondoa lebo.

HakimuWaKijiwe:

Na shisha je? Ilipopigwa marufuku 2016 watu walisema hivyohivyo.

BintiMikocheni:

Kwa hiyo shisha ndiyo salama kuliko vyote? Maana inapita kwenye maji 🙈

DirishaLaDawa:

Dada, hapana. Ile tumbaku ya shisha inavyong'aa na kunata ni gliserini na asali au molasi, tena gliserini nyingi. Juu yake mnaweka mkaa. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, na mtu anakaa na bomba saa nzima. Wapo wanaoanguka kwa kizunguzungu wanadhani ni ladha imekolea. Maji yanapoza moshi, unavuta kwa kina zaidi. Hayaoshi kaboni monoksaidi.

FundiKoili:

Mkuu, turudi kwangu. Kama nataka kuuza kitu ambacho hutanilaani, niangalie nini kwenye kichupa? Nina mzigo unaingia.

DirishaLaDawa:

Nitakuambia ninavyokagua dawa, maana kazi ni ileile. Jina la mtengenezaji na anwani inayoeleweka. Namba ya toleo na tarehe ya mwisho, zilizochapwa, si stika juu ya stika. PG na VG ziandikwe ni za daraja la dawa. Wenye viwanda husema zimefikia kiwango cha USP au EP, yaani viwango vya dawa vya Marekani na vya Ulaya. Nikotini kwa miligramu kwa mililita, na isizidi 20. Kifuniko kisichofunguka kwa mtoto. Na umwombe aliyekuletea cheti cha uchambuzi wa toleo hilo, siyo cha mwaka juzi, kionyeshe wamepima dayethilini glikoli na diasetili. Akianza kusema "kaka ni mzigo mzuri huu, niamini", mrudishie.

Ladha nzito za siagi, krimu na kastadi ningeziruka zote. Na yale ya kutupa ya asilimia tano, umeshasema mwenyewe.

FundiKoili:

Cheti sijawahi kuombwa wala kuomba. Ninavyo vichupa vya aina nne dukani sasa hivi.

DirishaLaDawa:

Weka picha hapa. Pande zote za lebo, na chini ya kichupa, siyo mbele tu.

FundiKoili:

Sawa. Nikifungua kesho asubuhi naziweka.